Elizabethkingia kwenye wodi ya vichanga: tumtibu vipi mtoto, na tuanzie koki ipi?

SWALI: Mimi ni muuguzi kiongozi wa wodi ya watoto wachanga katika hospitali ya mkoa. Ndani ya wiki mbili njiti wawili wameugua homa ya uti wa mgongo, na maabara imeotesha Elizabethkingia meningoseptica kwenye maji ya uti wa mgongo ya wote wawili. Tulianza na ampisilini na gentamaisini, tukahamia sefotaksimu, tukaishia meropenemu. Mmoja amefariki. Wa pili, ambaye amezaliwa na wiki 31 na sasa ana siku 12, bado ana homa na degedege. Daktari mmoja anasema huu ni uchafu wa maabara, mwingine amesoma kwamba bakteria huyu anatoka kwa mbu. Je, ni ugonjwa kweli? Tumpe dawa gani huyu aliyebaki, na usafi wa wodi tuanzie wapi?

JIBU: Pole dada, na poleni wodi nzima. Tuanze na kichanga aliyebaki. Mabomba yanaweza kungoja mpaka mchana, yeye hawezi.

Dawa mlizotumia ni zile zile zinazotumika katika wodi nyingi za vichanga, na kwa mpangilio ule ule. Kwa bakteria wengi zinafaa. Kwa Elizabethkingia mmepanda ngazi ambayo kila kidato chake kimeoza. Ampisilini haimfanyi kitu. Gentamaisini na amikasini kwa kawaida hazimwezi. Sefalosporini anazivunja kwa kimeng'enya kiitwacho CME. Meropenemu, ambayo wengi wetu tunaihesabu kuwa silaha ya mwisho, anaivunja kwa vimeng'enya vingine viwili, BlaB na GOB, vinavyofanya kazi kwa kutumia zinki. Na usugu huu hakuuokota wodini kwenu: vimeng'enya hivyo vimo kwenye kromosomu yake kwa asili. Kwa hiyo kuongeza dozi ya meropenemu, au kuhamia imipenemu, ni kumpotezea mtoto siku. Mtu akiwashauri kolistini kwa hoja kwamba ni gram hasi sugu (gram hasi na gram chanya ni makundi mawili makubwa ya bakteria), mkatalieni, kwani hiyo nayo bakteria huyu haiogopi.

Dawa zinazobaki ni chache na kila moja ina kasoro yake. Vankomaisini ni dawa ya bakteria wa gram chanya, na huyu ni gram hasi, lakini kwa miaka mingi imetumika kutibu vichanga wenye ugonjwa huu na wapo waliopona nayo. Tatizo ni kwamba kiwango cha chini kinachozuia bakteria huyu kukua mara nyingi ni 8 hadi 16 mg/L au zaidi, wakati kwa Staphylococcus aureus tunataka kisizidi 2. Kukifikia kiwango hicho ndani ya maji ya uti wa mgongo ni kazi ngumu, kwa hiyo vankomaisini peke yake haitoshi. Rifampisini inaingia vizuri kwenye ubongo na mara nyingi bakteria huyu anaisikia, ila ikitolewa bila mwenzake usugu huzuka upesi. Katika jamii ya siprofloksasini, levofloksasini huwa na nguvu zaidi kwake, lakini kwa vichanga tuna uzoefu mkubwa zaidi na siprofloksasini. Piperasilini-tazobaktamu huweza kumuua kwenye damu lakini haifiki ya kutosha kwenye uti wa mgongo. Minosaiklini ndiyo inayoaminika zaidi kwa watu wazima; kwa kichanga, kwa sababu ya meno na mifupa, ni dawa ya kujadiliwa na daktari bingwa pale nyingine zikishindwa. Kotrimoksazoli msiitumie kwa njiti wa siku 12 mwenye manjano, kwa sababu inaibandua bilirubini kutoka kwenye protini ya damu na manjano yanaweza kuingia kwenye ubongo.

Kwa hali ya mtoto wenu, bila kungoja majibu zaidi, mpango wa busara ni dawa tatu pamoja: vankomaisini, rifampisini na siprofloksasini. Daktari na mfamasia wataandika dozi kwa uzito na umri, lakini ili mjue mnakoelekea: vankomaisini ni 15 mg kwa kilo kwa kila dozi, ikipita kwenye mshipa kwa dakika 60 au zaidi. Mkiikimbiza, mtoto hubadilika kuwa mwekundu na presha hushuka. Muda kati ya dozi unategemea wiki za mimba na figo: njiti mdogo sana anaweza kupewa mara moja kwa siku, aliyezaliwa kwa miezi tisa hupewa mara tatu. Siprofloksasini ni 10 mg kwa kilo kila baada ya saa 12 kwa mshipa, na rifampisini hadi 10 mg kwa kilo kila baada ya saa 12. Mwambieni mama mapema kwamba mkojo na machozi ya mtoto yatakuwa ya rangi ya chungwa, asije akadhani ni damu. Pimeni kreatinini (kipimo cha figo) mara mbili kwa wiki na vimeng'enya vya ini mara moja. Degedege zitibiwe kama kawaida yenu, ila kumbukeni kwamba rifampisini hulifanya ini liziteketeze dawa nyingine upesi, fenobabitali ikiwa mojawapo.

Majibu ya unyeti yakija, punguzeni zibaki dawa mbili zinazofanya kazi. Hapa ongeeni na maabara ana kwa ana. Kipenyo cha duara kuzunguka diski hakiaminiki kwa bakteria huyu. Diski ya vankomaisini huweza kuonyesha duara zuri, na ile ya kotrimoksazoli pia hudanganya. Ombeni kipimo cha MIC, yaani kile kiwango cha chini cha dawa kinachozuia bakteria kukua, kwa kuzimua dawa kwenye mchuzi wa kuoteshea au kwa utepe wa kipimo, kwa vankomaisini, rifampisini, siprofloksasini, levofloksasini, minosaiklini na piperasilini-tazobaktamu. Kama maabara yenu haina uwezo huo, kioteshwa kipelekwe maabara ya rufaa leo, kikiwa kwenye agari (chakula cha kuoteshea bakteria) ya damu na si kwenye agari ya MacConkey.

Rudieni kutoboa uti wa mgongo baada ya saa 48 hadi 72 za dawa mpya. Kama bakteria bado anaota, dawa hazifiki au hazimwezi, na kusubiri hakutasaidia. Muda wa tiba ni siku 21 angalau, au wiki mbili tangu maji ya kwanza yaliyotoka safi, kutegemea upi ni mrefu zaidi. Kipimeni kichwa kila siku kwa futi kamba ile ile na mtu yule yule kama inawezekana, na ultrasaundi ya ubongo kupitia utosi ifanyike kila wiki. Kujaa maji kichwani ndiyo athari inayowapata wengi wa wanaopona, na mara nyingi huanza wakati homa tayari imeshuka na kila mtu amepumua. Usikivu nao upimwe kabla ya kuruhusiwa na tena baada ya miezi michache.

Sasa hoja ya uchafu wa maabara. Daktari wenu hakuuliza swali la kijinga. Bakteria anayeishi majini anaweza kuingia kwenye sampuli kupitia dawa ya kusafishia ngozi iliyochanganywa na maji ya bomba, au kupitia vitendanishi vya maabara. Angalieni mambo mawili. La kwanza, je, maji ya uti wa mgongo yenyewe yalikuwa ya mgonjwa? Seli nyeupe nyingi, sukari chini, protini juu: huo ni ugonjwa, na majibu ya sahani yanaungana nao. Kama seli zilikuwa za kawaida na mtoto anacheza, ndipo mashaka yanapoanza. La pili, je, sampuli zote zilifunguliwa siku moja, na fundi mmoja, kwa chupa moja ya kitendanishi? Kwenu watoto wawili wamepata homa na degedege, na mmoja amekufa. Njiti, homa ya uti wa mgongo, na bakteria huyu: hivyo vitatu vinakwenda pamoja tangu Elizabeth King wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa kilichoko Atlanta, alipomweleza mwaka 1959. Mimi ningeuchukulia kuwa mlipuko. Mgonjwa mmoja tu wa bakteria huyu kwenye wodi ya vichanga anatosha kuanzisha uchunguzi, ninyi mnao wawili.

Jambo dogo la maabara kabla hatujaenda kwenye mabomba. Kwenye agari ya damu huota kwa saa 24 makoloni laini, wakati mwingine yenye umanjano hafifu. Kwenye MacConkey huota kwa shida au haoti kabisa. Ni fimbo ya gram hasi isiyotembea, na vipimo vyake vya oksidesi na indoli huwa chanya. Maabara inayotegemea MacConkey pekee kwa gram hasi itamkosa, au itamwandika kuwa “jamii ya Pseudomonas” na kumwacha hapo. Pia mashine nyingi za utambuzi zilizo na kumbukumbu za zamani humwita E. meningoseptica hata pale anapokuwa ndugu yake, E. anophelis. Kwa tiba ya mtoto wenu leo tofauti hiyo haibadilishi kitu, lakini kwa kufuatilia chanzo inabadilisha, kwa hiyo vioteshwa vyote, vya watoto na vya mabomba, vihifadhiwe kwenye friza visitupwe. Mkisoma vitabu vya zamani mtamkuta chini ya Flavobacterium au Chryseobacterium. Jenasi ya sasa ilianzishwa mwaka 2005.

Chanzo, basi. Bakteria huyu anaishi kwenye udongo na maji, na hospitalini makao yake ni sinki: mdomo wa koki, kile kichujio kidogo cha wavu kinachofungwa hapo ili maji yasirukeruke, mipira ya kuunganishia bomba, na tundu la kutolea maji machafu. Anajijengea utando wenye ute, na ndani yake klorini ya kawaida ya maji ya mji haimfikii vizuri. Singapore mwaka 2012 wagonjwa wa vyumba vya uangalizi maalumu walipoambukizwa, alikutwa kwenye vichujio vya koki za kunawia mikono, na ikaonekana kwamba masinki hayo hayo yalikuwa yakitumika kumwagia majimaji ya wagonjwa na kusuuzia vifaa. Kazi mbili zisizopatana kwenye sinki moja. Nadhani mkijikagua kwa uaminifu mtayaona hayo hayo kwenu, kwa sababu wodi nyingi zina sinki moja tu.

Msianze kwa kusafisha. Anzeni kwa kuchukua sampuli, vinginevyo mtaua ushahidi na kuacha mizizi. Asubuhi kabla koki haijafunguliwa, ingizeni pamba ya sampuli iliyoloweshwa kwa maji safi ya chumvi ndani ya mdomo wa koki na kuizungusha ukutani. Kisha kingeni maji ya kwanza kabisa yanayotoka, walau mililita 100, kwenye chupa tasa yenye thiosalfeti ya sodiamu ili klorini isiendelee kuua njiani. Chukueni pia pamba ya tundu la sinki, ya chupa ya unyevu ya oksijeni, ya chombo cha maji cha inkubeta, ya mashine ya kufyonza, ya beseni la kuogeshea, na ya chupa yoyote ya dawa ya ngozi iliyochanganywa wodini. Andikeni sehemu na saa kwenye kila chupa, ziwekeni kwenye baridi, na zifike maabara siku hiyo hiyo. Mwambieni fundi atumie agari ya damu, maana asipoambiwa atatafuta E. koli kama anavyofanya kila siku kwa maji, na majibu yatarudi “salama”.

Sampuli zikishaondoka, maji ya bomba yasimguse tena mtoto mpaka mtakapojua. Kuoga: maji yaliyochemka yakapoa kwenye chombo chenye mfuniko. Njiti mwenye hali mbaya afutwe tu. Chupa ya oksijeni na chombo cha inkubeta: maji tasa, yamwagwe kila siku, chombo kikaushwe kabla ya kujazwa upya, kamwe yasiongezwe juu ya yaliyobaki. Mirija ya kulishia na ya kufyonzea isuuzwe kwa maji tasa. Vikombe vya maziwa vichemshwe na kukaushwa vikiwa vimeinamishwa. Kama kuna mtoto wa maziwa ya unga, maji yawe na joto lisilopungua nyuzi 70 wakati wa kuchanganya. Dawa za sindano zisitayarishwe ndani ya mita moja kutoka kwenye sinki, kwa sababu maji yakigonga tundu hurusha matone usiyoyaona. Kama meza yenu ya dawa iko kando ya sinki, na najua ziko nyingi, ihamishwe leo kabla ya jambo lingine lolote katika aya hii.

Mikono ndiyo mahali watu wanapojikwaa. Muuguzi ananawa kwa sabuni vizuri, kisha anasuuza kwa maji yenye bakteria na kwenda moja kwa moja kwa njiti. Kwa sasa kila kunawa kumalizike kwa kukausha na kujipaka spiriti ya mikono, sekunde 20 hadi 30 mpaka ikauke yenyewe. Kama hamna ya kutosha, duka la dawa la hospitali linaweza kutengeneza lita 10 kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani: ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini ya asilimia 98 mililita 145, kisha maji yaliyochemka na kupoa mpaka kufika lita 10. Iachwe imefungwa saa 72 kabla ya kutumika. Moto uwe mbali.

Ndipo fundi bomba aje. Vichujio vya midomo ya koki viondolewe vyote na visirudishwe. Kuvisafisha ni kujidanganya. Mipira laini ya kuunganishia ibadilishwe, na bomba lililozibwa mwisho bila kutumika likatwe. Koki iliyokutwa na bakteria ibadilishwe nzima kama pesa ipo. Tangi la juu litolewe maji, lisuguliwe kwa brashi, na tope la chini litoke, kwa sababu klorini itaisha nguvu kwenye tope kabla ya kufika kwenye bakteria. Kisha lijazwe na kutiwa klorini ya 50 mg kwa lita: kwa kila lita 1,000 hiyo ni gramu 71 za klorini ya unga ya asilimia 70, au karibu lita moja na nusu ya klorini ya maji ya asilimia 3.5. Fungueni koki moja moja kuanzia iliyo karibu na tangi mpaka harufu itoke, mfunge, mwache saa 24, kisha mmwage na kusuuza mpaka kipimo cha klorini huru kwenye koki kishuke hadi 0.2 hadi 0.5 mg kwa lita. Muda huo wote wekeni karatasi kwenye kila koki: MAJI HAYA YASITUMIKE. Na mtu asichanganye kamwe klorini na dawa ya choo yenye tindikali, kwani hewa inayotoka huumiza mapafu.

Kwa nyuso, magodoro na kuta za inkubeta tupu, klorini ya asilimia 0.1 inatosha: sehemu moja ya ile ya 3.5 kwa sehemu 34 za maji, iachwe dakika 10, kisha ifutwe kwa maji tasa na ikauke kabisa kabla ya mtoto kurudi. Maji machafu ya kuogeshea, maziwa yaliyobaki na majimaji ya mashine ya kufyonza yamwagwe chumba cha uchafu, si kwenye sinki la mikono. Bila hilo tangi jipya litadumu mwezi mmoja.

Watoto wengine wa wodi: mgonjwa awekwe kona yake na muuguzi wake, glavu na aproni kila anapoguswa, stetoskopu na kipimajoto visitoke hapo. Mwingine yeyote akibadilika, akiacha kunyonya, akipoa au kusita kupumua, achukuliwe damu walau mililita moja ya kuotesha na atobolewe uti wa mgongo kabla ya dawa, na dawa za kuanzia zijumuishe zile tatu, vankomaisini, rifampisini na siprofloksasini, kwa muda huu wa mlipuko. Mtoto asiyeumwa aliyekutwa na bakteria kooni tu asitibiwe. Akina mama waendelee kukumbatia na kukamua maziwa. Mara chache sana mama ndiye aliyeambukiza: Hong Kong iliripotiwa mwaka 2015 kwamba bakteria wa mama mwenye maambukizi ya kifuko cha uzazi alifanana na wa mtoto wake. Lakini wodi yenye watoto wawili kwa wiki mbili ina tatizo la maji, si la mama. Ninyi wauguzi wenye afya kwa kawaida hamtaugua. Kwa watu wazima humshika mzee, mwenye saratani, kisukari au ini bovu, na aliye kwenye mashine ya kupumulia, kama ilivyokuwa Wisconsin, Marekani, mwaka 2015 na 2016: wagonjwa 63 waliothibitishwa, vifo 18, wengi wakiwa na zaidi ya miaka 65, na chanzo hakikupatikana licha ya msako mkubwa.

Kuhusu mbu, daktari wenu wa pili amesoma sawa lakini amehitimisha haraka. E. anophelis alipatikana kwanza tumboni mwa mbu Anopheles gambiae wa Gambia na akapewa jina mwaka 2011, na mwaka huo huo kichanga aliugua homa ya uti wa mgongo kwa sababu yake mjini Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Hata hivyo mbu huyo huanza maisha majini, anakokuwa bakteria, na hakuna ushahidi kwamba kuumwa naye huambukiza. Chandarua kibaki kwa ajili ya malaria.

Rudieni sampuli za koki wiki moja baada ya matengenezo, kisha kila mwezi kwa miezi mitatu. Koki ikirudi na bakteria wakati tangi ni safi, tafuteni kwenye mipira na tundu la sinki hilo. Koki zote zikirudi na bakteria, tatizo liko juu ya paa, kwenye tangi. Na chupa ya damu ya kila kichanga mwenye homa katika miezi hiyo iandikwe juu ya fomu kwamba mnatafuta Elizabethkingia, ili fundi wa zamu ya usiku asiipime kwa MacConkey pekee.